Ukikuta Aya na Hadithi Zinaonekana Kugombana

Wanangu mnaoanza darasa la tafsiri hapa Lamu, kuna pahali mtakwama, na mara nyingi ni kwenye mambo ya cheo na unyenyekevu. Mimi nilikwama kwa Nabii Yusuf.

Nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimehifadhi hadithi ya sahaba Abdurrahman bin Samura, iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim: Mtume (s.a.w.) alimwambia asiombe uongozi, kwani akipewa kwa kuomba ataachiwa mwenyewe, na akipewa bila kuomba atasaidiwa. Kisha nikafika Surat Yusuf, aya ya 55. Yusuf anamwambia mfalme amweke juu ya hazina za nchi, kwani yeye ni mlinzi, mjuzi. Kaomba cheo, tena kajisifu! Na Surat An-Najm, aya ya 32, inatukataza kujitakasa nafsi zetu. Nilimfuata mwalimu barazani baada ya alasiri, moyo umenijaa mashaka.

Hakunijibu. Alifungua msahafu juu ya marufaa, akasema, "Mwanangu, anzia aya ya 43. Soma kwa sauti."

Nikasoma. Mfalme anaota ng'ombe 7 wanono wanaliwa na 7 waliokonda. Yusuf anaifasiri ndoto akiwa gerezani: limeni miaka 7, mtakachovuna kiacheni kwenye mashuke yake ila kidogo mtakachokula, kwani inakuja miaka 7 ya shida. Mfalme anamwita. Aya ya 50, Yusuf anamrudisha mjumbe, hatoki mpaka habari ya wale wanawake waliojikata mikono iulizwe, ionekane kuwa hana hatia. Mwalimu akaniwekea mkono begani nisite. "Mwenye uchu wa cheo," akaniuliza, "angekataa kutoka jela?"

Nikaendelea. Aya ya 54, mfalme mwenyewe ndiye anayeanza kumwambia kwamba leo kwao ni mwenye cheo na mwaminifu. Ndipo inapokuja ile ya 55. Njaa iko njiani, na anayejua namna ya kuihifadhi nafaka ni yeye. Kunyamaza hapo kungekuwa kuwaacha watu wafe.

Kwa hivyo msiibebe aya peke yake. Wekeni daftari, na kila aya inayowasumbua andikeni nani anasema, anamwambia nani, na kabla yake kumetokea nini. Sahaba Abu Dharr naye aliomba kazi ya uongozi, Mtume akamwambia kuwa yeye ni dhaifu na kazi hiyo ni amana. Alimpenda, na bado alimnyima.

Nasisitiza kwa sababu uchaguzi ukikaribia huku kwetu, mmoja hushika aya ya Yusuf, mwengine hushika hadithi ya Abdurrahman, wakapigana nazo. Inaniuma sana. Wengi wao hawajaisoma sura mpaka mwisho.

Siku ile mwalimu hakuniruhusu kuinuka. Tulisoma mpaka Yusuf anawapandisha wazazi wake kwenye kiti cha enzi, kisha aya ya 101, na adhana ya magharibi ikatukuta hapo. Yule aliyeomba hazina za nchi, sasa utawala anao, anamwomba Mola wake amfishe akiwa Muislamu na amkutanishe na watu wema.