Kwa wadogo zangu wa kidato cha kwanza mnaosema hampendi kusoma

Wengi wenu mmetoka darasa la saba mkiwa mmesoma karibu kila somo kwa Kiswahili. Ghafla jiografia na biolojia zote mbili ni Kiingereza. Ile kozi ya awali ya Kiingereza mnayopewa wiki za mwanzo inasaidia, lakini haimfikishi mtu mahali pa kukaa na kitabu kinene akafurahi. Hapo ndipo maneno ya "mimi kusoma sipendi" yanapoanzia. Nilikuwa kiranja wa maktaba sekondari na nimeyasikia sana, mara nyingi kutoka kwa wanafunzi ambao ukiwasimulia hadithi ileile kwa mdomo hawataki unyamaze. Hawakuwa wavivu. Walishika vitabu vinavyowakwamisha kila mstari, na sijaona anayependa kitu cha namna hiyo.

Kwa hiyo anza na kitabu unachokielewa, hamu itakukuta humo. Fungua ukurasa wowote wa katikati, soma, na kwa kila neno usilolijua kunja kidole kimoja. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa, kirudishe kwenye rafu, mwakani utakirudia. Vikibaki viwili vitatu, kiazime. Kuna vile vitabu vyembamba vya Kiingereza vilivyorahisishwa kwa wanafunzi, vyenye picha na namba ya ngazi kwenye jalada. Watu huvipita wakiona ni vya watoto. Ndivyo vya kuanzia hivyo.

Na riwaya za Kiswahili someni bila aibu, hata kama shuleni kwenu kuna sheria ya kuzungumza Kiingereza tu. Kumkumbuka mhusika aliyepita sura ya pili akaibuka sura ya tisa, kuhisi kwamba huyu anayeongea anadanganya, kuvumilia maelezo marefu kwa kuwa kuna jambo linakuja: hayo mtu hujifunza vizuri katika lugha anayoimudu, kisha akaenda nayo kwenye lugha nyingine.

Kamusi isikae wazi muda wote. Neno ukilipita na hadithi bado inaeleweka, endelea. Likirudi mara ya tatu na bado linakuzuia, hapo litafute na uliandike. Anayetafuta kila neno hufika mwisho wa ukurasa ameshasahau nani alimfuata nani.

Kurasa za mwanzo ndizo zinazowashinda wengi, hasa kwa sababu ya majina. Mwandishi anakuletea baba, shangazi, mjumbe wa nyumba kumi na majirani wote kwa mkupuo. Weka kipande cha karatasi ndani ya kitabu, andika kila jina na uhusiano wake: huyu mke mkubwa, huyu mtoto wa yule. Karatasi hiyohiyo ndiyo alama ya ulipofikia. Ukipita sura mbili tatu hutaihitaji tena kwa majina. Kama bado hadithi haijakushika, kiache uchukue kingine. Cha hiari hakina mtihani.

Vitabu teule vya fasihi, vile vinavyotungiwa mtihani, ni habari nyingine, na hapa nawasihi kabisa. Mtakutana navyo mbele ya safari, na mtakuta wenzenu wana nondo, yaani muhtasari wa uchambuzi uliotolewa kopi, unaopita mkono kwa mkono. Mtu anakariri dhamira, migogoro na falsafa ya mwandishi, anaandika "nafasi ya mwanamke katika jamii" na kutoa mifano mitatu, na huyo mwanamke mwenyewe hajawahi kumsoma akilia wala akijibu matusi. Alama anaweza kuzipata. Lakini ameambiwa mwisho wa hadithi, ameambiwa maana yake, na ameambiwa aikumbuke. Hamu itatoka wapi? Soma kitabu chote mara moja kama hadithi, bila kalamu, bila kutafuta tamathali za semi. Kasirika na wanaokukasirisha. Ukishamaliza, ndipo ufungue nondo, na utashangaa jinsi utakavyoanza kubishana nazo. Mwanafunzi anayebishana na uchambuzi hahitaji kuukariri.

Maktaba za shule nyingi hufungwa muda mrefu kwa sababu mwalimu anayeshika ufunguo ana vipindi vyake pia. Msilalamike pembeni. Nendeni wawili, mwombeni kwa adabu mfute vumbi, mpange rafu na kuandika daftari la kuazima. Mwalimu akiona vitabu vinarudi, mlango utafunguliwa mara nyingi zaidi. Wakati wa likizo, Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba katika miji mingi ya mikoa. Walioko Dar es Salaam wana Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967. Na wauza vitabu vya mitumba hawakatazi mtu kusimama akasoma ukurasa wa kwanza.

Kuhusu muda, prepo, yaani ule muda wa kujisomea usiku, iacheni iwe ya masomo. Kusoma kwa hiari kukiiba muda wa hesabu kutaonekana kosa, na mtu huacha haraka jambo linalomtia hatiani. Jumapili mchana baada ya kufua sare panatosha, na dakika chache kabla ya taa kuzimwa. Mkiwa wawili mnaosoma kitabu kimoja, aliye mbele amsimulie mwenzake hadi pale pazuri kisha anyamaze. Nimeona bweni zima likigombea nakala moja kwa njia hiyo.

Mtihani wa upimaji wa kidato cha pili ukikaribia, riwaya iwekeni kando, mbukue. Acheni ile karatasi ya majina ndani yake.