Jibu: Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto wa kilo 15

Jambo, dada. Umeuliza kama jaketi la kuokoa maisha la mtu mzima, likikazwa sana, linaweza kumtosha mtoto wako wa miaka minne mwenye kilo 15 katika safari ya boti kutoka Goma hadi Bukavu. Haliwezi. Mtoto akianguka ziwani, jaketi hilo hupanda juu naye huteleza chini yake.

Kwanza soma kilo zilizoandikwa kwenye lebo ya ndani, kwa maana jaketi la mtoto huchaguliwa kwa uzito wake, si kwa umri. Kisha mvike, funga zipu na vifungo vyote, mwambie anyanyue mikono, halafu livute jaketi juu kwa mabegani: likimfika masikioni, ni kubwa mno. Ninasisitiza sana mkanda unaopita katikati ya miguu, kwani ndio unaolizuia kupanda. Yale ninayoyaona yakigawiwa bandarini mara nyingi hayana, na ndiyo sababu wanangu nimewanunulia ya kwao.

Kwa lako mwenyewe, kagua mishono na ubonyeze sponji; iliyobaki bapa au iliyolowa maji ndani haikubebi tena, na kulikalia jaketi kama mto ndiko kunakoliharibu. Vaeni kabla ya kupanda, kwa sababu kulivaa ukiwa majini ni kazi ngumu mno.

Kama una mtoto mchanga pia, usimfunge mgongoni kwa kitenge mkiwa ndani ya boti: utakapoelea chali, yeye ndiye atakayekuwa chini ya maji.