Kupakia br_netfilter yenyewe mashine inapowaka

Mkuu, `modprobe br_netfilter` hupakia moduli hiyo (kipande cha kernel ya Linux kinachowezesha iptables, yaani ngome ya mtandao, kuona data inayopita kwenye bridge, ile swichi ya kimtandao ya ndani ya mashine) kwa muda tu, ndiyo maana ukiwasha seva upya haipo tena na mpangilio wako wa `net.bridge.bridge-nf-call-iptables` unagoma. Kwa mashine yenye systemd (programu inayoanzisha huduma Linux inapowaka), andika jina la moduli kwenye faili:

`echo br_netfilter | sudo tee /etc/modules-load.d/br_netfilter.conf`

Jina la faili ni lolote, mradi liishie na `.conf`. Ndani weka jina la moduli peke yake, kila moja na mstari wake, bila `.ko` na bila neno modprobe. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanabandika na vigezo vya moduli humohumo. Vigezo vina folda yao, `/etc/modprobe.d/`, na huandikwa kwa mstari unaoanza na `options`.

Ule mpangilio wa bridge uweke kwenye `/etc/sysctl.d/`, folda ya mipangilio ya kernel (sysctl). Usiogope kuhusu mfuatano, systemd hupakia moduli hizi kwanza ndipo isome sysctl.

Washa upya, kisha `lsmod | grep br_netfilter`. Ukikuta kimya, tazama `systemctl status systemd-modules-load`, mara nyingi jina lililokosewa herufi utalikuta hapo.