Timu ya upasuaji baada ya tetemeko: kazi kubwa iko kwenye kidonda

Dada, umesema wewe ni muuguzi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, umepata nafasi ya kujitolea kwenye maafa, na unauliza ubebe nini. Begi halina shida. Kwanza waulize waliokualika: mkishaondoka, wagonjwa wanabaki na nani?

Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, baada ya tetemeko la 12 Januari 2010, timu nyingi zilikaa wiki moja au mbili tu. Watu walikatwa viungo, wengine wakafungwa vyuma vya nje vya kushikilia mfupa uliovunjika, timu zikapanda ndege. Vyuma hivyo hukaa wiki nyingi na lazima awepo wa kuvifungua, na kisiki cha mguu mara nyingi hurudi kwenye meza ya upasuaji. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani, WHO, likaweka viwango: timu ya daraja la 2, yaani inayopasua na kulaza wagonjwa, iweze operesheni kubwa 7 au ndogo 15 kwa siku, iwe na vitanda 20 kwa kila meza ya upasuaji, ikae angalau wiki 3. Kama timu yenu haifiki hapo, ni heri mkaongeze nguvu kwenye hospitali iliyopo.

Thietani utashinda ukisaidia kusafisha vidonda. Kidonda cha kifusi kina udongo ndani na nyama iliyokufa. Nyama isiyotoa damu ikikatwa, wala kushtuka ikibanwa, yote inatolewa. Kisha kidonda kinaoshwa kwa maji safi mengi, kwa lita si kwa kikombe, kinafunikwa gozi kavu na kuachwa wazi. Kisishonwe siku hiyo hata kikionekana kisafi, maana vijidudu vya pepopunda na vya kuozesha misuli hustawi pasipo hewa. Kifunguliwe thietani siku ya 4 au ya 5: kikiwa kisafi kinashonwa, kikiwa bado kinasafishwa tena. Kosa linaloharibu yote ni kufungua bandeji kila asubuhi wodini. Mgonjwa anaumia bure na kidonda kinaingiwa na vijidudu vya hospitali. Fungueni mapema tu kukiwa na homa, harufu au maumivu yanayozidi. Chanjo ya pepopunda isisahaulike kwa yeyote.

Nusu kaputi itakuwa dawa ya ketamini: miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, mshipani, taratibu kwa dakika nzima. Ikisukumwa haraka, pumzi inaweza kusimama. Mate huongezeka, kwa hiyo mashine ya kunyonya iwe imejaribiwa kabla.

Kuhusu umeme, kwa mfano Haiti inatumia volti 110, kwetu ni 230. Otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa, ikitoka huku haitachemka vizuri kule, na bila otoklevu hamna upasuaji.

Kukata kiungo kuamuliwe na madaktari wawili, na mgonjwa aelezwe kwa lugha yake mbele ya ndugu. Haiti lugha hiyo ni Krioli; Kifaransa wengi hawakimudu.

Plasta ngumu ya kufungia mfupa ikikauka, ichore kwa kalamu ya wino mzito: umbo la mfupa ulivyovunjika, tarehe ya kuumia, ya upasuaji na ya kuifungua. Mtu anayelala kwenye hema karatasi humpotea, lakini plasta anatembea nayo mpaka kwa daktari atakayefuata.

Sasa begi: leseni na nakala za vyeti, taa ya kichwani na betri za akiba, viatu vya kufunika vidole, dawa ya malaria, chakula chako cha siku chache. Chanjo ya homa ya ini B uwe umemaliza dozi zote 3.