Usimpe fundi hizo kanda!

Mkuu, rudisha hilo furushi uvunguni. Umeandika kwamba marehemu kaka yako kakuachia kanda 40 za fanki na hip hop ya zamani, na jamaa wa steshenari kakuahidi atakuwekea kwenye fleshi, "atazisafisha", halafu kanda uzitupe maana zinajaza nyumba. Huyo jamaa namjua. Yaani simjui, ila pacha wake alininyoa mimi mwaka 2009.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Meli ikitia nanga New York wenzake wanakimbilia viatu, yeye huyo Harlem kusaka kanda. Nilirithi 30. Nyingine watu walizirekodi redioni, ma-DJ Mr. Magic na Marley Marl wakiwa WBLS, stesheni ya New York. Nyingine za DJ Brucie B, zile za ukumbi wa Rooftop kule Harlem, anapiga huku anataja majina ya waliohudhuria.

Nikampa fundi, huyo pacha, akanirudishia baada ya siku mbili. Piga hesabu: kanda 30 za dakika 90 ni saa 45. Ama hakulala, ama alizikimbiza kwa spidi mara mbili. Na mimi, msomi wa hesabu, nikamshukuru na kumwongezea hela ya soda! Zote zimo kwenye fleshi ya GB 2, MP3 za kbps 64, yaani sauti imebanwa mno. "Nimekutolea kelele, bro." Kelele ya kwanza aliyoitoa ni ule mvumo wa kanda, ukaondoka na matoazi yote, ngoma ikabaki kama mtu anagonga ndoo ndani ya blanketi. Kelele ya pili ni DJ. Kila alipoongea, kakata. Kisha akagawa vipande na kuvipa majina ya kubahatisha, nusu ya fleshi ni James Brown, mpaka wanawake wanaoimba ni James Brown.

Kinachoniuma ni kwamba nyimbo zenyewe hazikuwa na shida. "Apache" ya Incredible Bongo Band na "Amen, Brother" ya The Winstons zimo kwenye Ultimate Breaks and Beats, mkusanyo wa santuri wenye juzuu 25 ulioanza kutoka 1986, ukizitaka leo unazipata. Usichokipata ni mkono wa DJ: santuri mbili za wimbo uleule, anakirudisha kipande cha ngoma tupu cha sekunde chache huku na huku mpaka kinakuwa dakika nzima. Kilipigwa usiku mmoja, mbele ya watu wale, na fundi wangu kakiona uchafu.

Bado unaweza kusema si kanda ninazo? Sina. Aliniambia zinaoza, nikampa jirani. Mjomba alikuwa amevunja vile vijino vya nyuma ili mtu asirekodi juu yake. Jirani akaziba matundu kwa karatasi na selotepu, akarekodi kwaya.

Kwa hiyo: kwanza nakala ghafi, kabla mtu yeyote hajagusa chochote. Azima deki nzima, hedi zake, zile zinazosoma kanda, zifute kwa pamba na spiriti, spidi ya kawaida, waya hadi kwenye kompyuta, faili la WAV lisilobanwa, upande mzima bila kukata. Kanda ya dakika 90 itakula karibu GB 1, iache ile. Ukitaka kusafisha, safisha nakala ya nakala. Na kanda haitoki nyumbani hata ukishamaliza, hata shemeji akiomba. Mtu akikwambia kanda zinaoza, mwambie ataoza yeye kwanza.

Jirani alipohama alinirudishia moja. Kwaya pande zote mbili. Ila upande B wameishiwa nyimbo mapema: wanavuta "amina" ndefu, kitufe kinalia tap, halafu sekunde kama 40 za Rooftop, umati unapiga kelele na Brucie B anamwita mtu kwa jina ambalo mpaka leo sijalinasa.