Mama yako asimeze hiyo dozi ya tano kabla mkojo haujaoteshwa

Mdogo wangu simama hapo hapo. Umeandika mama ana miaka 68, mkojo unamuunguza, usiku anaamka mara nne mara tano, ukeni panawasha, akikohoa anavuja, kashameza antibayotiki mara nne tangu mwaka uanze na sasa mnataka kumpa ya tano "yenye nguvu zaidi", isipokubali mumpeleke laser, ile mashine ya mwanga mkali inayopigwa ukeni, na ukauliza pia habari za mazoezi. Nimesoma nikasisimka mwili, maana hiyo "yenye nguvu zaidi" ndiyo iliyonitembeza kwa magongo miezi minne. Salamu tutapeana baadaye.

Nijibu hili kwanza: katika hizo mara nne, kuna hata mara moja mkojo wa mama ulioteshwa maabara? Sisemi kile kijiti kinachochovywa kikabadilika rangi, wala ile ya kuangalia kwenye darubini mkaambiwa kuna usaha kidogo. Nasema kuotesha, mkojo unawekwa kwenye sahani ya maabara, wanasubiri siku mbili tatu, kama kuna bakteria anaota, wanamjua ni nani halafu wanamjaribishia dawa waone ipi inamuua na ipi anaicheka tu. Kwenye maelezo yako yote marefu hilo halipo. Kwenye hadithi yangu pia halikuwepo kwa miaka miwili.

Yangu ilianza nina miaka 61. Hedhi ilishakoma zamani nikiwa na 50, lile joto la ghafla la menopozi likaja likapita, nikajua nimemaliza. Kumbe joto linapita lenyewe lakini hili la ukavu wa huko chini halipiti, usipolitibu linazidi kadri miaka inavyosogea, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniambia. Basi mkojo ukaanza kuunguza. Nikaenda duka la dawa, muuzaji hakuniuliza hata umri, "hiyo UTI mama", vidonge vya siku tano hivi hapa. Nikapata nafuu wiki moja, nikasema dawa imekubali. Ikarudi. Nikaenda kituo cha afya, daktari akachovya kijiti, kikageuka rangi, dozi. Ikarudi. Dozi nyingine. Hizo antibayotiki zikaniletea fangasi, sasa juu ya kuungua kukawa na muwasho, nikapewa dawa za fangasi za kuweka, nesi mmoja akaniambia kwa sauti watu wakisikia kwamba mama ukizeeka usafi lazima uongeze. Jamani. Niliondoka pale nimeinamisha kichwa, nikaanza kujisafisha mpaka ndani kwa sabuni ya dawa na maji ya moto asubuhi na jioni. Nilikuwa najichuna ngozi ambayo tayari ilikuwa nyembamba kama karatasi, nikazidi kuungua, nikazidi kusafisha. Yule nesi sijamsamehe mpaka leo na nasema wazi, mwanamke mtu mzima akija na shida hii akaambiwa ni uchafu, harudi tena hospitali, anakaa nayo kimya ndani hata mabinti zake hawajui.

Sasa fika kwenye hiyo yenye nguvu. Nilishafika dozi ya sita au ya saba, daktari mwingine akasema hawa bakteria wako ni sugu, tukupe siprofloksasini, antibayotiki kali zaidi. Mimi nina pumu, na wakati ule kifua kilikuwa kimebana nikawa nameza prednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe. Hakuuliza umri, hakuuliza nameza dawa gani nyingine, nami sikujua kwamba nilitakiwa kusema. Siku ya nne kisigino kikaanza kuuma kwa nyuma. Nikadhani ni viatu. Nimeambiwa nimalize dozi, nikamaliza. Kama wiki moja baadaye nashuka ngazi nikasikia pa! nyuma ya mguu, nikageuka nikajua kuna mtu kanipiga teke. Hakukuwa na mtu. Ilikuwa kano ya kisigino imechanika.

Daktari wa mifupa ananigusa mguu swali lake la kwanza likawa, mama hivi karibuni umemeza antibayotiki? Nilimwangalia kama mganga. Akanieleza kwamba hilo kundi la dawa, siprofloksasini, levofloksasini na ndugu zake, linajulikana kuharibu kano, na walio hatarini zaidi ni waliozidi miaka 60 na wanaomeza dawa za steroidi kama prednisolone. Mimi nilikuwa nimetimiza yote mawili. Na si siri ya jana, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo kubwa kabisa liandikwe kwenye makaratasi ya dawa hizo tangu 2008. 2008! Mimi nalishwa vidonge miaka mingi baadaye kama karanga. Zina kazi yake na zinaokoa watu, lakini si za kumpa mwanamke wa miaka 68 kwa kubahatisha. Muulize mama kama anameza steroidi yoyote, muulize leo.

Plasta, magongo, kuogeshwa na binti yangu. Na katika yote hayo mkojo bado unaunguza. Kama kweli walikuwemo bakteria kwa dozi zile wangekuwa wameshafunga virago zamani.

Aliyenifungua macho ni daktari wa wanawake, mama mtu mzima kama mimi. Akaagiza mkojo uoteshwe, halafu akasema panda kitandani nikuangalie. Miaka miwili, watu sita, huyo ndiye wa kwanza kuangalia! Akaniambia pamepauka, pamekauka, ngozi imekuwa nyembamba mpaka inachubuka kwa kuguswa. Majibu ya maabara yakarudi hakuna kilichoota. Hakuna. Nilikaa kwenye lile benchi nikalia kwa hasira maana nilikuwa nauguzwa ugonjwa ambao siku ile sikuwa nao, na mguu umeshaenda.

Alivyonieleza ni hivi. Uke, mrija wa mkojo na shingo ya kibofu vyote vinategemea estrojeni, homoni ya kike. Hedhi ikikoma estrojeni inashuka, ngozi ya huko inakonda, ute unapungua. Wale bakteria wazuri wanaoishi ukeni wanakula sukari iliyohifadhiwa kwenye ngozi hiyo wanatengeneza asidi, asidi ndiyo mlinzi wa mlango. Ngozi ikikonda chakula chao kinaisha, asidi inapungua, bakteria wa njia ya haja kubwa wanapata pa kukaa karibu na mrija wa mkojo. Kwa hiyo mama mmoja anaweza kuungua bila bakteria yeyote, ni ukavu tu, na mwingine akapata UTI ya kweli inayorudi rudi, na mzizi wa wote wawili ni mmoja. Zamani walikuwa wanaita kusinyaa kwa uke, 2014 wataalamu wa menopozi wakabadili jina ili na mambo ya mkojo yaingie humo, kwa sababu watu walikuwa wanatibu mkojo peke yake kama walivyonifanya mimi.

Na usidanganywe na kijiti. Wanawake wengi wa umri wa mama wana bakteria kwenye kibofu wanaoishi humo bila kumdhuru, kijiti kinageuka rangi, na kama hana dalili hao hawatibiwi, ukiwatibu unawafundisha usugu tu. Ndiyo maana vinaenda pamoja, dalili za mtu mwenyewe, mkojo kuoteshwa, na macho ya daktari huko chini. Kimoja kikikosekana mnabahatisha.

Dawa yenyewe iliyonisaidia ni krimu ya estrojeni ya kuweka ukeni, kiasi kidogo sana, kila usiku wiki mbili za mwanzo halafu mara mbili kwa wiki. Kuna ya vidonge vidogo vya kuweka ukeni, kuna na ya pete laini inayoachia dawa miezi mitatu. Na hapa napo nilikosea. Nilisoma karatasi ya ndani ya boksi, saratani, kiharusi, moyo, nikaitupia droo miezi miwili naendelea kuungua. Niliporudi daktari akasikitika, akaniambia yale maonyo yalitokana na utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2002, wa vidonge vya kumeza vya homoni vinavyozunguka mwili mzima, na hii ya kuweka inayoingia kwenye damu ni kidogo mno. Lakini kama mama aliwahi kuumwa saratani ya matiti, hasa kama bado anameza dawa zake, asianze bila daktari wake wa saratani kukubali, hapo wanaanza na vilainishi na moisturaiza za ukeni zisizo na homoni.

Akanionyesha na utafiti wa 1993, wanawake 93 waliokoma hedhi wenye UTI za kujirudia, waliopaka krimu ya estrioli, aina ya estrojeni, walipata wastani wa UTI 0.5 kwa mwaka, waliopaka krimu isiyo na dawa 5.9. Tangu 1993 hili linajulikana, na mimi nilikuwa nabebeshwa vidonge mfuko mzima! Siku hizi nikikutana na mtu anayeuza antibayotiki bila kuuliza swali hata moja nashindwa kunyamaza, binti yangu ananivuta mkono.

Haikuwa muujiza wa usiku mmoja. Wiki ya tatu muwasho ukapungua, kuungua kukaisha kama mwezi wa pili, kufikia mwezi wa tatu usiku naamka mara moja. Sabuni ndani niliacha kabisa, maji matupu kwa nje basi. Tangu hapo nimepata UTI ya kweli mara moja, ikaoteshwa, akaota E. koli, bakteria wa njia ya haja kubwa, nikapewa dawa nyepesi iliyochaguliwa kwa majibu yale, siku chache nikapona na haikurudi.

Laser achana nayo kwanza. Julai 2018 FDA ilionya kuhusu mashine hizo zinazotangazwa kwa "kuurudisha uke ujanani", kulikuwa na taarifa za kuungua, makovu na maumivu yasiyoisha. Halafu kuna jaribio la Australia lililochapishwa 2021, wengine walipigwa laser kweli wengine wakafanyiwa maigizo bila kujua, baada ya miezi 12 hakukuwa na tofauti. Mtu anakuuzia hiyo kabla hajamwangalia mama wala kuotesha mkojo wake, huyo anatafuta hela.

Kuvuja akikohoa ni jambo jingine na krimu haitalimaliza, hapo mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, na ayafanye angalau miezi mitatu akiwa amefundishwa vizuri kwa sababu wengi wanabana makalio badala ya misuli yenyewe. Na wakija na vidonge vya kutuliza kibofu kama oksibutinini, uliza sana, kwa wazee vinakausha mdomo, vinafunga choo na vinaweza kuwachanganya akili.

Ila sikiliza vizuri hapa usije ukanielewa vibaya. Kama mama ana homa, anatetemeka, anatapika, ana maumivu ya ubavuni au mgongoni, au ghafla amechanganyikiwa haelewi yuko wapi, hapo hakuna kusubiri majibu siku tatu, akimbizwe hospitali, mkojo uchukuliwe na dawa ianze palepale. Na damu yoyote ukeni baada ya hedhi kukoma, hata tone, hata mara moja, au damu kwenye mkojo, ichunguzwe, inaweza kuwa saratani na usikubali mtu akuambie ni ukavu tu bila vipimo.

Kesho asubuhi fanyeni hivi. Chukueni chupa safi ya maabara, si chupa ya nyumbani iliyosuuzwa. Anawe mikono, ajisafishe kwa maji kuanzia mbele kwenda nyuma, atenganishe mashavu ya uke, mkojo wa mwanzo aumwage chooni, wa katikati ndio aukinge, wa mwisho aumwage. Upelekwe maabara mara moja, ukikaa muda mrefu kwenye joto bakteria wa nje wanaongezeka humo na majibu yanakuwa ya uongo. Na kama tayari kaanza kumeza hiyo dozi ya tano niambie kameza vingapi na inaitwaje, maana mkojo uliokwishaguswa na dawa unaweza usioteshe kitu hata kama bakteria wapo. Niko hapa mpaka usiku, andika jina la dawa lililoko kwenye boksi.