Usimwapishe mdogo wako

Dada yangu, umeuliza kama umwapishe kwa msahafu mdogo wako anayetaka kuacha kujiumiza. Nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu wengi hujiumiza ili kutuliza dhiki iliyowazidi, na kiapo hakiiondoi dhiki hiyo, bali siku akiteleza kitamfanya akufiche wewe uliye tegemeo lake. Mkubaliane kwamba hamu ikimjia atakuamsha, hata usiku wa manane, mkae pamoja mpaka ipungue, kwani aghalabu hupungua. Muulize pia waziwazi kama anawaza kufa. Kuuliza hakutamtia wazo hilo. Akikiri, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa Unguja ipo hospitali ya magonjwa ya akili ya Kidongo Chekundu, na wangu ningemsindikiza huko bila kuona haya.